Nani Ameshika Usukani?

Mazungumzo ya redioni ya wiki hii, kama yalivyosomwa hewani

Ndugu msikilizaji, leo nakuomba tuzungumze juu ya balbu. Sisemi balbu ya sebuleni wala ya nguzo ya barabarani. Nasema kibalbu kile kidogo kinachokaa kwenye dashibodi ya chombo, ambacho kazi yake ni kumwambia mwendeshaji kwamba jambo fulani limekwenda sawa. Kikiwaka, moyo unatulia. Kisipowaka, hapo ndipo maneno huanza.

Usiku wa Ijumaa, tarehe 29 Desemba 1972, taa moja ya namna hiyo ilikataa kuwaka ndani ya ndege ya abiria iliyokuwa inakaribia kutua Miami, kusini mwa Marekani. Dakika kumi baadaye ndege hiyo ilikuwa vipande vipande kinamasini, na ajali hiyo ikachukua roho za watu 101. Injini zake zote tatu zilikuwa zinafanya kazi. Mabawa yalikuwa mazima. Magurudumu yalikuwa mazima. Hali ya hewa ilikuwa shwari. Je, ndege hiyo iliangushwa na nini?

Jibu la swali hilo limebadilisha namna marubani wa dunia nzima wanavyofundishwa kazi yao. Na mimi naamini linatuhusu hata sisi ambao hatujawahi kuingia katika chumba cha marubani, wala hatutarajii kuingia.

Ndege yenyewe ilikuwa ya aina ya TriStar, iliyoundwa na kampuni ya Lockheed. Ilikuwa mali ya shirika la Eastern, ambalo baadaye, mwaka 1991, lilifungwa. Ilikuwa ndege mpya, haijatimiza hata miezi mitano kazini, na katika siku zile ilihesabiwa miongoni mwa ndege zenye mitambo ya kisasa kabisa. Safari yake ilikuwa namba 401. Iliondoka New York saa 3:20 usiku ikiwa na abiria 163 na wafanyakazi 13. Krismasi ilikuwa imepita siku nne tu, na Mwaka Mpya ulikuwa unabisha hodi.

Rubani mkuu aliitwa Robert Loft, mtu mzima wa miaka 55, aliyekuwa amekwisha kaa angani zaidi ya saa 29,000 katika maisha yake ya kazi. Rubani msaidizi alikuwa Albert Stockstill. Wa tatu alikuwa Donald Repo, mhandisi wa ndege. Maana enzi zile ndege kubwa ziliendeshwa na watu watatu, na huyo wa tatu alikaa nyuma ya wenzake akiangalia injini, mafuta na umeme. Usiku ule alikuwemo pia mtu wa nne, fundi wa shirika hilo hilo, aliyekuwa anasafiri katika kiti cha ziada humo humo chumbani. Watu wanne, wote wanaijua kazi. Wahenga wetu walisema penye wengi hapaharibiki neno. Sikiliza sasa jinsi neno lilivyoharibika.

Ilikuwa yapata saa 5:32 usiku. Taa za Miami zinaonekana mbele. Rubani mkuu anaamuru magurudumu yateremshwe. Katika ndege ya namna hiyo, magurudumu yakishuka na kujifunga sawasawa, taa tatu za kijani huwaka: moja kwa ajili ya magurudumu ya kushoto, moja ya kulia, na moja ya mbele. Usiku huo ziliwaka mbili. Ya mbele ilibaki giza.

Hapo kuna mambo mawili yanayowezekana. Ama magurudumu ya mbele hayakushuka, nayo ndege ikitua itajikwangua pua barabarani. Ama magurudumu yameshuka vizuri, ila taa ndiyo iliyokufa. Wakayapandisha na kuyateremsha tena. Taa haikuwaka. Rubani mkuu akafanya jambo la busara: hakutua. Akawaarifu waongoza ndege kwamba anapaa tena ili kulitazama tatizo lake kwa nafasi. Akaambiwa apande hadi futi 2,000 na aelekee magharibi, juu ya Everglades. Hicho ni kinamasi kikubwa ambacho usiku hakina taa hata moja. Ukitazama nje kupitia dirishani huwezi kujua kama uko juu sana au kama unagusa majani.

Mpaka hapa, ndugu msikilizaji, hakuna kosa. Kosa linaanza sasa, tena linaanza polepole, bila kelele.

Rubani mkuu akaamuru ule mtambo wa kujiendesha uwashwe, yaani mtambo unaoishika ndege yenyewe katika kimo na mwelekeo uliotakiwa. Rubani msaidizi akaanza kuichokonoa ile taa. Akaichomoa, akairudisha, ikakaa upande, ikakwama. Wakaanza kushauriana namna ya kuikwamua. Rubani mkuu akamwagiza mhandisi ateremke katika shimo lililoko chini ya sakafu ya chumba chao, mahali ambapo pana tundu la kuchungulia magurudumu ya mbele. Mhandisi akashuka, akarudi na kusema haoni kitu, ni giza totoro. Baadaye yule fundi naye akateremka kumsaidia. Wawili wakawa shimoni, wawili wakawa juu ya balbu.

Na usukani? Usukani ulikuwa mikononi mwa mtambo.

Wachunguzi waliona kwamba huenda mmoja wa marubani, pengine alipogeuka kuzungumza na mwenzake, aliusukuma usukani kidogo kwa mwili wake. Katika ndege ile, msukumo mdogo wa namna hiyo ulitosha kuufanya mtambo uache kushikilia kimo. Haukuzimika wote. Uliendelea kuishika ndege ikae sawa, isiyumbe, ila haukujali tena kama iko futi 2,000 au chini ya hapo. Ndege ikaanza kushuka, taratibu mno, kiasi kwamba hakuna aliyeusikia mwili wake ukishuka.

Ilipopoteza futi 250, kengele ya tahadhari ililia. Ililia kwa nusu sekunde tu, kutoka kwenye kipaza sauti kilichokuwa karibu na meza ya mhandisi. Lakini mhandisi alikuwa shimoni. Katika chombo kilichonasa sauti za chumba kile, kengele inasikika, na baada yake mazungumzo juu ya taa yanaendelea kama kawaida.

Kuna mtu mwingine aliyeona. Huyo alikuwa mwongoza ndege mjini Miami, aliyekuwa mbele ya rada yake. Kwenye kioo, kimo cha ndege hiyo kilisomeka futi 900, badala ya 2,000. Sasa, rada za siku zile zilizoea kutoa namba za uongo kwa muda mfupi, na yeye alikuwa na ndege nyingine za kuziongoza. Hakuuliza, "Mbona mko futi 900?" Aliwauliza tu mambo yanakwendaje huko. Wakamjibu kwamba ni sawa, wangependa kugeuka na kurudi uwanjani. Akawapa ruhusa ya kugeuka.

Wakati wa kugeuka ndipo rubani msaidizi alipotazama kipimo cha kimo. Akasema wamefanya kitu na kimo. Akauliza kama bado wako futi 2,000. Rubani mkuu akashangaa, kuna nini hapa? Sekunde chache baadaye, saa 5:42 usiku, bawa la kushoto liligusa kinamasi. Ndege ilikuwa inakwenda kasi ya zaidi ya kilometa 360 kwa saa.

Mtu wa kwanza kufika hakuwa polisi wala zimamoto. Alikuwa mwindaji wa vyura, Robert Marquis, aliyekuwa kinamasini na mwenzake katika boti ya pangaboi, ile inayosukumwa na upepo wa feni kubwa ya nyuma. Aliona mwanga, akaliendea eneo lile, akawakuta watu wamelala majini katika giza, huku mafuta ya ndege yametapakaa kila mahali. Mafuta yale yalimbabua ngozi, lakini aliendelea kuwainua watu vichwa wasizame, na kuzungusha taa yake ili helikopta zipate kumwona. Upande mwingine, wahudumu wa ndege waliopona waliwakataza watu kuwasha kiberiti, na wakawaongoza kuimba nyimbo za Krismasi ili wasikate tamaa. Kati ya watu 176 waliokuwamo, 75 waliokoka.

Wachunguzi walipoyachunguza mabaki, waliyakuta magurudumu ya mbele yameshuka na kujifunga barabara. Vibalbu viwili vilivyokuwa ndani ya taa ile vilikuwa vimeungua. Basi. Kama wangetua mara ya kwanza, abiria wangeteremka, wangechukua mizigo yao, na wangekwenda zao nyumbani.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani haikuilaumu balbu. Ilisema chanzo cha ajali ni kwamba katika dakika nne za mwisho wafanyakazi wa ndege hawakuviangalia vipimo vyao, wala hawakugundua kwamba wanashuka, kwa sababu akili zao zote zilikuwa zimetekwa na hitilafu ya taa.

Sisi watu wa pwani tuna msemo kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Msemo huo ni wa kweli, lakini usiku ule wa Miami ulitufundisha upande wake wa pili. Chombo hakikwenda mrama kwa sababu ya wingi wa manahodha. Kilikwenda mrama kwa sababu manahodha wote waligeuka mafundi wa taa, asibaki hata nahodha mmoja.

Kutokana na mambo kama hayo, marubani husisitiziwa mpangilio wa kazi ambao hata mwanafunzi wa siku ya kwanza hukaririshwa: kwanza rusha ndege, pili jue uko wapi na unakwenda wapi, tatu ndipo uzungumze na watu. Ukipata hitilafu, kabla hamjashika kitabu cha maelekezo, kabla hamjagusa swichi yoyote, jambo moja husemwa kwa sauti: nani anarusha? Mmoja hujibu kwamba yeye ndiye. Tangu hapo huyo hana ruhusa ya kuchungulia balbu ya mtu. Mwenzake ndiye anayeshughulika na hitilafu.

Kanuni hiyo inaonekana nyepesi. Lakini wakati mwingine watu hulipa mara mbili kwa somo moja.

Tarehe 28 Desemba 1978, takriban miaka sita kamili baadaye, ndege ya aina ya DC-8 ya shirika la United ilikuwa inakaribia Portland, magharibi ya Marekani, ikiwa na watu 189. Magurudumu yalipoteremshwa yalishuka kwa kishindo kisicho cha kawaida, na taa ya upande mmoja haikuwaka. Rubani mkuu, kama Loft, hakutua. Akazunguka ili alichunguze tatizo na kuwapa wahudumu nafasi ya kuwaandaa abiria kwa kutua kwa dharura. Akazunguka, akazunguka, kwa muda wa karibu saa nzima.

Safari hii hakuna aliyesahau kimo. Kilichosahauliwa ni mafuta. Au tuseme ukweli: hayakusahauliwa na wote. Rubani msaidizi aliulizia mafuta. Mhandisi alitamka kwamba dakika kumi na tano nyingine zitawaacha na mafuta kidogo mno. Lakini walisema kwa ile sauti tunayoijua sote, sauti ya mdogo mbele ya mkubwa, sauti ya kugusia. Hakuna aliyesema, "Mzee, tutue sasa hivi, la sivyo injini zitazima." Na rubani mkuu, akili ikiwa kwenye magurudumu na kwenye abiria wake, hakulisikia lile lililokuwa ndani ya maneno yao.

Injini zikazima moja baada ya nyingine. Saa 12:15 jioni ndege ilianguka katika mtaa wa makazi nje ya mji, kilometa chache tu kabla ya kufika uwanjani. Haikuwaka moto, kwani haikuwa na mafuta ya kuwaka. Watu kumi walikufa. Mmoja wao alikuwa mhandisi yule yule aliyekuwa ametahadharisha.

Sisi tumelelewa na methali isemayo asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni methali nzuri, na mimi siitupi. Lakini ajali ya Portland ilionyesha kwamba inahitaji pacha wake: mkuu asiyesikia la mdogo naye huvunjika guu, tena huvunjika pamoja na abiria wote aliowabeba. Na mdogo asemaye kwa kugugumia, akitaraji mkubwa atajielewea mwenyewe, hajasema.

Baada ya ajali hiyo, bodi ile ile ya usalama ilitaka marubani wakuu wafundishwe kushirikiana na wenzao, nao wasaidizi wafundishwe kusema wazi bila kumung'unya maneno. Mwezi Juni 1979 shirika la anga za juu la Marekani, NASA, liliitisha mkutano juu ya jambo hilo. Utafiti uliozungumzwa hapo ulionyesha kwamba ajali nyingi hazikutokana na marubani wasiojua kurusha ndege. Zilitokana na marubani wasiojua kuwatumia wenzao waliokaa nao chumba kimoja. Miaka ya mwanzo ya themanini, shirika la United lilianza kuwafundisha watu wake elimu hiyo mpya, ya namna ya kugawana kazi, kuuliza, kupinga kwa heshima lakini kwa uwazi, na kusikiliza.

Usidhani marubani wote waliipokea kwa mikono miwili. Wakongwe wengine waliicheka. Walisema wanapelekwa shule ya kufundishwa tabasamu. Mtu ana saa elfu ishirini angani, ati leo anafundishwa kumsikiliza kijana! Wangeendelea kucheka, kama si siku moja ya mwezi Julai.

Siku hiyo ilikuwa tarehe 19 Julai 1989. Ndege ya aina ya DC-10, ya shirika hilo hilo la United, ilikuwa inatoka Denver kwenda Chicago na watu 296. Saa 9:16 alasiri injini ya mkiani ilipasuka. Vipande vyake vilikata mabomba ya mifumo yote mitatu ya haidroliki, yaani yale mafuta yenye shinikizo ambayo ndiyo misuli ya ndege. Bila hayo, usukani wa ndege ile ni kama usukani wa gari la kuchezea la mtoto: unauzungusha, lakini hakuna kinachotii. Waundaji waliamini mifumo yote mitatu haiwezi kufa kwa pamoja, kwa hiyo hata kitabu cha maelekezo hakikuwa na ukurasa wa balaa hilo. Mafundi waliopigiwa simu ya redio huko ardhini hawakuwa na la kusaidia.

Rubani mkuu, Alfred Haynes, hakujifanya mjuzi wa asilojua. Aliposikia kwamba kati ya abiria yumo mwalimu wa marubani wa ndege za namna hiyo, Dennis Fitch, alimwita aingie. Fitch akapiga magoti sakafuni kati ya marubani wawili, akashika mitambo ya kuongeza na kupunguza nguvu za injini mbili zilizosalia. Ukiongeza nguvu upande huu, ndege inageuka upande ule. Ukiongeza pande zote mbili, inainua pua. Hivyo ndivyo walivyoiongoza, kwa mkono wa mmoja, macho ya mwingine, hesabu za wa tatu na redio ya wa nne, kwa muda wa dakika 44, mpaka uwanja wa Sioux City katika jimbo la Iowa.

Walitua vibaya. Ndege ilipinduka na kuwaka moto, na watu 112 walipoteza maisha. Lakini 184 walitoka hai katika ndege ambayo, kwa hesabu za kitabu, haikustahili kufika popote. Haynes alizunguka miaka mingi baadaye akiwaambia watu kwamba asingeweza peke yake, na kwamba yale mafunzo ya kushirikiana ndiyo yaliyowafikisha. Waliokuwa wakiyacheka mafunzo hayo, sauti zao zikapungua.

Linganisha sasa, ndugu msikilizaji. Mwaka 1972 watu wanne na balbu moja iliyoungua. Mwaka 1989 watu wanne na ndege isiyo na usukani kabisa. Wenye tatizo dogo waliipoteza ndege nzima. Wenye tatizo kubwa waliokoa zaidi ya nusu ya abiria wao. Tofauti haikuwa ukubwa wa hitilafu. Tofauti ilikuwa nani anafanya nini, na nani anamsikiliza nani.

Unaweza kusema, hayo ni mambo ya Marekani. Basi tukaribie nyumbani.

Tarehe 30 Januari 2000, ndege ya Kenya Airways ya aina ya Airbus A310 ilikuwa Abidjan, nchini Ivory Coast, tayari kurudi Nairobi kupitia Lagos. Watu 179 walikuwamo. Saa 3:09 usiku ilipaa kuelekea baharini, ambako mbele kulikuwa giza tupu, hapana taa, hapana upeo wa macho. Mara tu baada ya magurudumu kuiacha ardhi, king'ora kikapiga kelele ndani ya chumba cha marubani. King'ora hicho maana yake ni kwamba ndege inakaribia kuishiwa na nguvu ya hewa inayoibeba. Rubani msaidizi, ambaye ndiye aliyekuwa anarusha, alifanya alichofundishwa kufanya king'ora hicho kikilia: aliinamisha pua ya ndege.

Lakini uchunguzi ulionyesha kwamba ndege haikuwa katika hatari hiyo hata kidogo. King'ora kilikuwa cha uongo. Na kwa kuwa ndege ilikuwa imepaa muda mfupi tu, hapakuwa na kimo cha kupoteza. Chombo cha kupima kimo kilikuwa kinatamka futi zilizobaki, zikipungua. Tahadhari ya kwamba ndege inaikaribia bahari haikusikika, kwa sababu mitambo iliundwa hivyo kwamba ving'ora vile vingine vitangulie. Amri ya rubani mkuu ya kupanda ilikuja imechelewa. Ndege ikaingia baharini chini ya dakika moja tangu kupaa. Waliookoka ni kumi tu.

Wengi wetu tunaikumbuka siku ile. Sitaki kuwahukumu marehemu ambao walikuwa na sekunde chache tu za kufikiri, mimi niliyekaa kwenye kiti na kalamu, mwenye wiki nzima. Ninachotaka tukione ni kitu kingine. Miami, taa ilinyamaza na kudanganya kwamba kuna hatari ambayo haikuwapo. Abidjan, king'ora kilipiga kelele na kudanganya vivyo hivyo. Chombo cha kutuonya kinaweza kusema uongo kwa kimya, na kinaweza kusema uongo kwa kelele. Hakuna chombo cha binadamu ambacho siku moja hakitaharibika. Kinga pekee ni mtu ambaye, wakati wenzake wanahangaika na onyo, yeye anatazama vipimo vingine vyote na kuuliza: tuko juu kiasi gani, kasi ni ngapi, tunakwenda wapi?

Siku hizi ndege kubwa zina marubani wawili badala ya watatu. Kazi ya mhandisi wa ndege imechukuliwa na kompyuta. Onyo likitokea, kompyuta huliandika kwenye kioo pamoja na hatua za kufuata. Hilo ni jema. Lakini pia maana yake ni kwamba macho mawili yamepungua chumbani, na yale manne yaliyobaki hayana nafasi ya kutazama kitu kimoja kwa pamoja. Ndiyo maana marubani hurudishwa mara kwa mara katika kile chumba cha mazoezi kinachofanana na ndege, wakawashiwa taa za uongo na ving'ora vya uongo. Wakufunzi huangalia wanavyoitengeneza hitilafu, na huangalia pia kama kuna aliyebaki anarusha.

Nimalizie na kisa changu mwenyewe, kisicho na ndege ndani yake.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa ndani ya basi, tunatoka Iringa kurudi Dar es Salaam, nimekaa kiti cha mbele. Tulikuwa tumeanza kuteremka Kitonga, na wanaoujua mlima ule wanajua kona zake na makorongo yake. Kwenye dashibodi taa nyekundu ikaanza kuwakawaka. Dereva akaigonga kwa kidole. Ikazima, ikawaka tena. Akamwita utingo, utingo akainama kuitazama, dereva naye akainama. Wakaanza kubishana kama ni ya mafuta au ya upepo wa breki. Abiria wa mbele nasi tukanyoosha shingo na kuanza kutoa maoni yetu, maana nani asiyekuwa fundi wa magari katika nchi hii?

Nyuma yangu kulikuwa na bibi mmoja, amempakata mjukuu wake. Hakujua taa ile ni ya nini, wala hakuuliza. Alisema kwa sauti ambayo basi zima tuliisikia: "Mwanangu, tazama njia. Hiyo taa atakutazamia mwenzio."

Dereva aliinua macho. Kona ilikuwa mbele yetu. Aliikata vizuri, akateremka hadi mahali penye nafasi, akaegesha, ndipo wakafungua boneti. Sikumbuki tena hitilafu ilikuwa nini.

Bibi yule hakuwahi kusoma taarifa ya ajali ya Miami. Lakini alifanya mambo mawili ambayo mashirika ya ndege yalilazimika kuyajifunza kwa roho za watu. Aligawa kazi: wewe njia, mwenzio taa. Na hakugugumia. Tena nampa sifa yule dereva, kwani hakumjibu bibi yule kwamba abiria hana haki ya kumfundisha kazi.

Katika ofisi zetu, hospitali zetu, shule zetu na nyumba zetu, taa ndogo nyekundu huwaka kila siku. Mashine imegoma, faili limepotea, mgeni mkubwa anakuja kesho. Wote tunakimbilia hapo, kila mmoja na bisibisi yake, na ile kazi yenyewe iliyotukutanisha inashuka polepole bila mtu kuhisi. Inapotokea hivyo, mmoja wetu, hata awe mdogo kuliko wote, na athubutu kuuliza kwa sauti nani ameshika usukani. Na mkubwa wake asikasirike akisikia swali hilo.

Ndugu msikilizaji, kwa leo ni hayo tu. Tukijaaliwa, tukutane tena wiki ijayo, saa kama hii.